Wale Mezani Walikuwa Nani? Barua ya Wazi kwa Wanaoandaa Sherehe za Olimpiki

Kwa Mheshimiwa Kirsty Coventry, Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), na kwa kamati za maandalizi za Dakar 2026 na Los Angeles 2028.

Waheshimiwa,

Usiku wa tarehe 26 Julai 2024 mama yangu aliniuliza swali nikakosa jibu. Tulikuwa sebuleni tunatazama ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Paris. Mvua ilikuwa inawamwagikia wanamichezo kwenye boti zao katika Mto Seine, nasi tulikuwa tunashangilia kila bendera ya Afrika iliyopita, hata ya nchi zilizoleta wachezaji wachache na bendera yenyewe imeloa chepechepe. Halafu kamera ikahamia kwenye daraja la waenda kwa miguu la Debilly. Watu wamejipanga upande mmoja wa kitu kirefu kama meza, nyuso zao zimetuelekea sisi watazamaji. Katikati kuna mwanamke aliyevaa gauni la buluu na taji la fedha lililochanua kichwani kama miale ya jua. Kulia na kushoto kwake wasanii wa kila namna, wakiwemo wanaume waliovaa na kujipamba kike. Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena.

"Wale mezani si mitume?" akauliza.

Niligeuka nikatazama ukutani. Pale imetundikwa picha ya Karamu ya Mwisho, na imekuwa pale tangu sijaanza shule. Kioo chake kina ufa kwenye pembe ya chini, na uso wa mtume mmoja umefifia kwa sababu jua la saa tisa humwangukia yeye peke yake. Nikarudisha macho kwenye televisheni. Mtangazaji alikuwa kimya. Nikamwambia mama kwamba sijui. Baada ya muda likafunuliwa sinia kubwa, na ndani yake mtu aliyepakwa rangi ya buluu mwili mzima, amevikwa maua na matunda, akaanza kuimba. Mama hakuuliza tena. Alisema anakwenda kulala, na Céline Dion alipoimba kwenye Mnara wa Eiffel mimi nilikuwa nimebaki peke yangu sebuleni.

Naandika kwa ajili ya swali lile.

Mheshimiwa Rais, hayo yalitokea kabla hujakabidhiwa uongozi Juni 2025, na sikulaumu kwa yaliyopangwa na wengine. Lakini wewe ni Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, na ni katika kipindi chako Michezo ya Olimpiki ya Vijana inafunguliwa Dakar, tarehe 31 Oktoba 2026, mashindano ya kwanza ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika. Tarehe 14 Julai 2028 itakuwa zamu ya Los Angeles. Mtachagua picha za kuonyesha, na baadhi ya picha hizo zitatoka mahali ambapo watu husali. Ndiyo maana nawaandikia ninyi na si wale waliomaliza kazi yao Paris.

Nina uzoefu mdogo wa jukwaa. Kwa miaka 12 nimekuwa nikiongoza maigizo ya Juma Kuu parokiani. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hiyo anaijua kanuni moja bila kufundishwa. Watu wanapokula kweli hukaa wakaizunguka meza. Ukiwapanga wote upande mmoja, nyuso kwa watazamaji, mmoja akiwa katikati, umeshasema "Karamu ya Mwisho" kabla hujatamka neno. Ndivyo Leonardo da Vinci alivyowapanga miaka ya 1490 kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie, huko Milano, na tangu hapo mpangilio huo umenakiliwa kwenye kalenda, vitambaa, sahani na fremu za sebuleni duniani kote. Mwaka mmoja nilijaribu kuwakalisha vijana wetu kwa duara, kama watu wanavyokula. Ibada ilipokwisha mzee mmoja wa viti vya nyuma akanifuata kuniuliza mbona mwaka huu hatukuonyesha karamu.

Kwa hiyo siwezi kukubali maneno ya wale waliosema kwamba Wakristo waliolalamika walijitungia. Macho yao yalisoma kilichokuwa kimeandikwa. Wala siwezi kuungana na wale waliosema bila shaka yoyote kwamba ilipangwa dhihaka. Nia ya mtu iko moyoni mwake, na mimi sina dirisha la kuchungulia humo. Ninachoweza kusema ni kile kilichotufikia, na yale tuliyoambiwa baadaye.

Kesho yake maaskofu Wakatoliki wa Ufaransa walitoa tamko. Walisifu uzuri na furaha ya sherehe, kisha wakasikitikia matukio waliyoyaona kuwa ya kejeli na dhihaka kwa Ukristo. Wengi wetu tulisambaziana nusu ya pili tu ya tamko hilo, na nusu ya kwanza tukaiacha ipotee. Al-Azhar ya Cairo, taasisi kubwa ya elimu ya Kiislamu, nayo ikalaani, jambo lililowashangaza wasiojua heshima ya Nabii Isa bin Maryamu katika Uislamu. Kwetu halikushangaza. Jirani yetu, Muislamu aliyejuana na mama tangu usichana wao, alibisha hodi asubuhi akakaa naye karibu saa nzima kama mtu aliyekuja kutoa pole. Rais Erdoğan wa Uturuki alimpigia simu Papa Francis. Tarehe 3 Agosti Vatikani yenyewe ikasema imehuzunishwa. Huko huko Ufaransa, Jean-Luc Mélenchon, mwanasiasa wa mrengo wa kushoto ambaye hakuna anayeweza kumshuku kuwa mtetezi wa maaskofu, aliandika kwamba hakupendezwa.

Na majibu ya waandaaji? Akaunti rasmi ya Michezo ilieleza kwamba yule wa buluu ni Dionysus, mungu wa divai wa Wagiriki. Thomas Jolly, mkurugenzi wa sanaa wa sherehe, alieleza kwenye televisheni kwamba wazo lilikuwa karamu kubwa ya kipagani yenye uhusiano na miungu ya Olympus, na kwamba Karamu ya Mwisho haikuwa chanzo chake. Lakini maelezo mengine, nayo kutoka kwa waandaaji, yalivifikia vyombo vya habari yakisema kwamba mchoro wa Leonardo ndio uliompa mpangilio wa onyesho. Tarehe 28 Julai msemaji wa Paris 2024, Anne Descamps, akasema kwamba hapakuwa na nia ya kulidharau kundi lolote la dini, na kwamba kama kuna watu waliokwazika, wanasikitika kwelikweli.

Kama kuna waliokwazika. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kichwani. Mtu akikukanyaga kwenye foleni na akauona uso wako ulivyokunjamana, haulizi kama umeumia. Siku hiyo ya tarehe 28 maaskofu walikuwa wameshasema, na magazeti yalikuwa yamejaa. "Kama" ya nini tena? Na ikiwa maelezo ya Dionysus ni ya kweli, na mimi niko tayari kuyaamini, basi hayakuwa jambo la kuombewa radhi hata kidogo. Yalikuwa maelezo yaliyopaswa kutangulia. Yangesemwa dakika tano kabla ya kamera kufika daraja la Debilly, mtangazaji wetu asingenyamaza.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo sisi tulioumia hatukulisema kwa sauti ya kutosha. Barbara Butch, yule mwenye taji la fedha, alitumiwa vitisho vya kuuawa na kubakwa, na matusi ya kuwachukia Wayahudi kwa sababu yeye ni Myahudi. Thomas Jolly naye alitumiwa vitisho na matusi, na Mei 2025 mahakama ya Paris iliwatia hatiani watu 7 kwa kumnyanyasa mitandaoni. Walikuwepo walioandika maneno ya namna hiyo wakidai wanamtetea Yesu. Katika karamu ile ile waliyodai kuitetea, Yesu alijifunga taulo kiunoni akawaosha miguu wote waliokuwepo, na Yuda akiwemo. Mimi mwenyewe niliona ujumbe wa aina hiyo ukipita kwenye kundi la WhatsApp la kwaya yetu, na sikuujibu. Ninajuta mpaka leo. Kwa hiyo mkisoma barua hii, msiihesabu pamoja na zile.

Nirudi kwenye miungu. Wapo wanaotaka ifutwe kabisa kwenye sherehe zenu, na hao siungani nao. Michezo hii ilizaliwa mahali pa ibada. Olympia, huko Ugiriki, palikuwa patakatifu pa Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, na mbio zilikimbiwa ndani ya sikukuu yake. Mpaka leo moto wa mwenge huwashwa kwenye magofu ya hekalu la Hera kwa kioo kinachokusanya miale ya jua, na mwigizaji aliyevaa kama kuhani wa kike humwomba Apollo, desturi iliyoanza kwa ajili ya Michezo ya 1936. Nike, mungu wa kike wa ushindi, amechorwa kwenye medali za Olimpiki za majira ya joto tangu 1928. Beatrice Chebet alipotwaa dhahabu za mita 5,000 na 10,000 pale Paris, na Faith Kipyegon alipotwaa ya tatu mfululizo ya mita 1,500, upande mmoja wa medali ulikuwa na kipande cha chuma cha Mnara wa Eiffel na upande wa pili alikuwepo Nike, mabawa yake wazi. Makanisa yetu yalitoa shukrani kwa ajili ya medali hizo. Sikumsikia hata mtu mmoja akisema kwamba mabinti wale wamevishwa sanamu. Nike anajulikana ni nani na amewekwa pale kufanya nini.

Dionysus hatukuambiwa. Wala Sequana, na huyu ndiye aliyenisikitisha zaidi nilipomfahamu baadaye.

Waandaaji walisema Dionysus ni baba wa Sequana, mungu wa kike wa Mto Seine. Nilianza kumsoma kwa sababu sikuwahi kulisikia jina lake. Kwenye chemchemi ambako Seine huanzia, kaskazini magharibi mwa mji wa Dijon, palikuwa na patakatifu pake zama za utawala wa Warumi katika nchi ya Wagalia, yaani Ufaransa ya kale. Wagonjwa walisafiri mpaka pale wakaacha vinyago vya mbao na mawe vya kiungo kilichowauma: jicho, mguu, mkono, kichwa kizima. Mwaka 1933 wachimbaji wa mambo ya kale walipata sanamu yake ndogo ya shaba. Amesimama ndani ya chombo ambacho omo yake imetengenezwa kama kichwa cha bata, na ameinyoosha mikono yake pande mbili kama mwenyeji anayepokea wageni mlangoni. Sanamu hiyo imehifadhiwa makumbusho huko huko Dijon. Mama yangu amewahi kuwasha mishumaa kwa ajili ya goti lake la kushoto. Angemwelewa mara moja mgonjwa yule wa karibu miaka 2,000 iliyopita aliyebeba mguu wa mbao mpaka chemchemini, bila kuacha hata chembe ya imani yake mwenyewe.

Badala yake tuliona nini? Usiku ule farasi wa chuma alikimbia juu ya maji, amepandwa na mtu aliyejifunika nguo za rangi ya fedha, uso hauonekani. Yule alikuwa Sequana. Watazamaji wengi Wakristo walifungua Ufunuo sura ya 6, wakamkuta farasi wa rangi ya kijivujivu na aliyempanda, ambaye jina lake ni Mauti. Mungu wa kike aliyeombwa uzima na wagonjwa akasomwa na mamilioni kuwa ni Mauti, kwa kukosa sentensi moja ya kumtambulisha. Aliyeumia hapo si Mkristo peke yake. Hata kazi ya msanii iliumia.

Dijon ina jambo jingine. Kwenye Makumbusho ya Magnin kuna mchoro wa Mholanzi wa karne ya 17, Jan van Bijlert, unaoonyesha karamu ya miungu. Apollo yuko katikati ya meza, kichwa chake kimezungukwa na mwanga, na mbele yake Bacchus, ambaye ndiye Dionysus wa Warumi, amejilaza anakula zabibu. Wataalamu wa sanaa walipoutaja mchoro huo baada ya sherehe, watu waliuchukua kama ushahidi kwamba Wakristo walikosea. Mimi niliutazama kwa muda mrefu. Miungu ni ya Olympus, sawa, lakini jinsi ilivyokalishwa mezani imekopwa kwenye michoro ya Karamu ya Mwisho. Miaka zaidi ya 100 baada ya Leonardo, mchoraji aliichukua meza ya mitume akawakalisha juu yake Wagiriki. Basi nikapata cha kumjibu mama, miezi mingi imeshapita. Nilimwambia kwamba waliokaa ni miungu ya Wagiriki, lakini meza ni ya mitume.

Alinitazama akasema, "Basi si wangesema?"

Sina la kuongeza juu ya hilo kwa upande wa daraja la Debilly. Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, na ni la IOC moja kwa moja. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki inakataza maandamano au propaganda ya kisiasa, ya kidini au ya rangi katika maeneo ya Michezo. João Chianca, mtelezaji wa mawimbi kutoka Brazili, alikatazwa kutumia ubao wenye picha ya Kristo Mkombozi. Sounkamba Sylla, mkimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti wa Ufaransa, aliambiwa hatashiriki ufunguzi akiwa na hijabu, na mwishowe akashiriki amefunika nywele kwa kofia. Najua kwamba uamuzi wa hijabu ulikuwa wa Wafaransa, kwa kanuni yao ya kutenganisha dini na dola, wala haukuwa wenu. Hata hivyo ulitekelezwa ndani ya sherehe yenu. Mfikirieni binti huyo kwenye boti. Imani yake ameificha chini ya kofia, na boti inapita chini ya madaraja ambayo juu yake alama zilizotoka hekaluni na kwenye meza ya mitume zimekuwa mapambo ya onyesho. Mwenye imani anaivua ili aingie, na asiyeiishi anaivaa ili kupendeza. Mtamweleza nini?

Wala msiseme kwamba dini haiwezi kuingia jukwaani bila ugomvi. London, mwaka 2012, Emeli Sandé aliimba peke yake wimbo wa Kikristo ambao waumini wa kwetu wanaujua kama Kaa Nami, huku wachezaji wakicheza kwa utulivu. Kila mtu alielewa kwamba wanakumbukwa waliofariki. Na Paris ile ile ninayoilalamikia ilifanya jambo ambalo nalipenda sana. Ndani ya Stade de France iliwekwa kengele kubwa, na washindi wa riadha walikuwa wanaigonga baada ya kushinda. Tangu mwanzo ilisemwa kwamba Michezo ikiisha kengele hiyo itapelekwa Notre-Dame, kanisa lililoungua tarehe 15 Aprili 2019, na kweli ikapelekwa. Waislamu, Wakristo na wasio na dini waliigonga na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila aliyeshika kamba alijua kengele ni ya nini na inakwenda wapi. Walioandaa kengele na walioandaa daraja walikuwa chini ya kamati moja.

Sasa Dakar.

Senegal ni nchi ya Waislamu wengi, zaidi ya tisa katika kila watu kumi, na rais wake wa kwanza, Léopold Sédar Senghor, alikuwa Mkatoliki. Ni watu waliozoea kuishi pamoja, na sina wasiwasi nao. Wasiwasi wangu ni juu ya yule anayepanga sherehe akitaka kuwaonyesha walimwengu "rangi ya Afrika". Ataangalia orodha ya urithi wa UNESCO na hapo atamkuta Kankurang, aliyeingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2008. Kankurang ni kinyago cha Wamandinka wa Senegal na Gambia, mtu aliyefunikwa kuanzia utosini hadi miguuni kwa magome na nyuzi nyekundu za mti wa faara, mapanga mkononi. Hutoka wakati wa jando. Huwalinda vijana dhidi ya maovu, husimamia nidhamu, na kuna watu wasioruhusiwa kumkaribia. Maelezo ya UNESCO yenyewe yanahofia kwamba mijini anageuzwa kuwa kitu cha kawaida na kupoteza mamlaka yake. Na mpangaji huyo akitaka mungu wa mto, kama Sequana, atampata pia. Watu wa Saint-Louis wanamtaja Mame Coumba Bang, roho ya mto wao, na wapo ambao bado wanampelekea sadaka.

Naliona onyesho hilo kabla halijafanyika. Kankurang anatoka kwenye moshi wa mashine, anaruka dakika tatu katikati ya wacheza dansi wa mjini, taa zinazima, na mtangazaji wa nchi ya mbali anasema ni mchezaji wa ngoma ya asili. Kisha mama mmoja wa Casamance, kusini mwa Senegal, anamgeukia mwanawe kwenye kochi na kumuuliza kwa nini wamemtoa nje yule, usiku huu, na vijana wanaoingia jando hawapo.

Hapa natofautisha. Mchoro wa Leonardo uko mbele ya dunia nzima kwa zaidi ya miaka 500, na sitadai kwamba msanii aombe kibali cha askofu ili autumie. Nadai tu aseme kwamba ameutumia. Kankurang ana wenyewe walio hai, wazee wanaojua anatoka lini na kwa nini. Kwa huyo, waendeeni wazee kwanza, na wakisema hapana, iwe hapana, hata kama vazi limeshashonwa. Sitaki kamati ya dini ikae juu ya wasanii na kalamu nyekundu. Sherehe ikifika hapo itabaki bendera na hotuba tu, na mimi mwenyewe sitaitazama. Ninachotaka ni mtu chumbani anayeijua picha kutoka ndani, aliyesali mbele yake au kupita jandoni chini yake, awepo siku inapochorwa kwenye karatasi, aulizwe watu wake wataona nini.

Najua kwamba watangazaji hupewa mapema kitabu cha kueleza kila sehemu ya sherehe. Sioni kwa nini kiwe siri mara onyesho linapoanza. Toeni kurasa hizo kwa umma dakika hiyo hiyo, na ndani yake kila picha ya dini au ya hadithi za kale iandikwe wazi ni ya nani, imetoka wapi, na imewekwa pale kwa nini. Na kama meza imekopwa kwa mitume, iandikwe kwamba imekopwa kwa mitume. Zitoeni kwa Kiswahili pia. Umoja wa Afrika unakitumia, UNESCO imekipa siku yake ya tarehe 7 Julai, na watangazaji wetu ni hodari wa kueleza wakipewa cha kueleza.

Watu wakiumia pamoja na hayo yote, kwa sababu wataumia tu wakati mwingine, jibuni usiku ule ule, kwa kauli moja, na muiache ile "kama". Wasanii wakitishwa, kama alivyotishwa Barbara Butch, asiachwe mwanamke mmoja ajitetee na wakili wake tu. Rais wa IOC atoke aseme kwa jina lake mwenyewe kwamba waliotuma vitisho hawamwakilishi mwenye imani yeyote, nasi wenye imani tutasimama karibu naye, mimi nikiwa wa kwanza safari hii. Na kabla ya Los Angeles, kaeni na wanamichezo wenyewe muitazame upya Kanuni ya 50, ili ubao wa Chianca usiogopwe kuliko sinia la Dionysus, na binti mwenye hijabu apande boti au aingie uwanjani kama alivyo.

Tarehe 31 Oktoba tutakuwa sebuleni tena, mama na mimi, na jirani yetu ameshasema atakuja na vitumbua. Mkizitoa kurasa hizo, nitamsomea mama kwa sauti kabla onyesho halijaanza, kwa kuwa macho yake siku hizi hayamruhusu kusoma maandishi madogo.

Ni mimi,
mtazamaji wenu wa tangu utotoni.